Tuliowapoteza kwa simu ni watu baki

Mtu akianza kulalamikia simu mfano ni ule ule kila siku, picha ya watu wanne meza moja kila mmoja kainama kwenye skrini yake, na chini yake maneno ya huzuni kuhusu tulikofikia. Kinachonichekesha ni kwamba aliyeiposti yuko kwenye simu na anayeisoma yuko kwenye simu, na pengine wote wawili wamezungukwa na watu muda huo huo. Lakini tuyaache hayo. Shida yangu na hiyo picha ni kwamba inatuonyesha watu ambao hawajapotea. Wale wanne wanajuana, wamepanga wenyewe kukutana, kesho wataitana tena wacheke, simu inawakera tu. Aliyepotea hayumo kwenye picha kabisa, ni yule wa meza ya pili, au yule mliyekaa naye benchi moja mkisubiri kuitwa ndani, mtu baki usiyemjua jina, ambaye zamani angekuuliza "hivi hawa wameshaanza kuita?" na kabla hujakaa sawa mnapiga stori nusu saa nzima, kazi, watoto, mgongo unaomsumbua, halafu mnaachana hamjaulizana hata majina.

Hao ndo nataka kuwaongelea maana sioni mtu anawalilia.

Kwa upande wa marafiki, hasara ipo ila sio kubwa kama tunavyoitangaza. Mwaka 2018 Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walitoa utafiti ambao watu zaidi ya 300 walienda kula na marafiki au ndugu zao, wengine wakaachwa na simu mezani, wengine simu zikawekwa kando. Waliokuwa na simu mezani walisema akili ilikuwa inahama hama na hawakuufurahia ule muda kama wenzao, sawa, lakini tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Na hilo mbona tunalijua wenyewe, umekaa na rafiki yako, yeye kainuka mara moja, wewe hapo hapo umetoa simu, akirudi anakukuta umeinama anasema "malizia tu" na yeye katoa ya kwake, dakika tano kimya, halafu mmoja anaona kitu cha kuchekesha anamgeuzia mwenzake skrini na stori inaendelea kutoka pale pale. Urafiki una uvumilivu wa namna hiyo. Mtu baki hana uvumilivu huo, ukimkosa sekunde tatu za mwanzo umemkosa moja kwa moja.

Hizo sekunde tatu ndo kiini cha hii ishu nzima. Watu wasiojuana hawaanzi na maneno, wanaanza na macho. Erving Goffman, mwanasosholojia ambaye alitumia maisha yake kuangalia watu wanavyokaa mbele za watu, aliandika mwaka 1963 kwamba watu wawili wakipishana wanatupiana jicho mara moja kisha kila mtu anashusha macho yake, kama madereva wanavyopunguziana taa usiku, yaani nimekuona, najua upo, sina ubaya na wewe na sikuingilii mambo yako. Ni kitu kidogo sana ambacho hata hatujui tunakifanya. Ila stori zote za benchi zinaanzia pale, jicho la kwanza likifuatiwa na la pili, la pili likifuatiwa na tabasamu, halafu mmoja anasema chochote kuhusu foleni. Sasa mtu akiingia mahali tayari kainama, lile jicho la kwanza halipo, na bila hilo hakuna kinachofuata, kila kitu kimekatika kabla hakijaanza na wala hakuna aliyemkosea mwenzake adabu.

Kushlev na Dunn na wenzao walilipima na hili pia, mwaka 2019. Walichukua watu wasiojuana wakawaweka wawili wawili wasubiri kwa dakika 10, wengine wana simu zao, wengine hawana, wakarekodi video bila kuwaingilia. Waliokuwa na simu walitabasamu mara chache zaidi, na hata yale matabasamu ya kweli, ya mtu kucheka mpaka machoni, yalipungua. Utasema tabasamu ni nini bana, si meno tu. Haya, ila hebu jaribu kuanza kuongea na mtu ambaye hamjatabasamiana.

Hapo najua kuna mtu ashaandaa jibu, kwamba zamani watu walikuwa wanajificha nyuma ya magazeti, kwani gazeti sio skrini ya karatasi? Na ana haki. Georg Simmel, Mjerumani, alishaandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba kabla ya mabasi, treni na tramu za karne ya 19 binadamu hawakuwahi kuwekwa kwenye hali ya kutazamana dakika nyingi au hata masaa bila kusemezana neno. Kwa hiyo kukaa kimya na watu baki sio ugonjwa ulioletwa na simu, ulianza na usafiri wa umma, na gazeti lilikuwa dawa ya ile aibu ya kutazamana. Halafu mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman na watu wakalalamika vile vile kwamba vijana wamejifungia na muziki wao masikioni.

Ila gazeti na simu vinatofautiana kwa mambo ambayo kwenye benchi yana uzito mkubwa. Gazeti linaonekana. Kila mtu anaona unasoma nini, kurasa za mpira au za siasa, na jirani yako anasoma ule upande wa nje uliomgeukia, anaguna, anasema "huyu naye kasemaje tena?", hapo mnaanza, na ukimaliza unampa. Simu haina upande wa nje. Mtu kainama, anaweza kuwa anasoma taarifa ya msiba, anajibu bosi, anacheza gemu la kupanga rangi, au anaangalia picha zake za mwaka juzi, kwa anayekaa pembeni yote hayo yanafanana, uso ule ule, shingo ile ile. Huwezi kujua kama ukimsalimia unamkatisha kitu cha maana au unamwokoa na uvivu, na kwa kuwa huwezi kujua, mtu mwenye adabu zake ananyamaza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huu ukimya tunaouita utovu wa adabu ni adabu yenyewe ndo imetufikisha.

La pili, gazeti linaisha. Ukifika ukurasa wa mwisho unainua kichwa, hakuna namna, na kuinua kichwa ndo nafasi yenyewe, macho yanakutana na ya mtu. Intaneti na yenyewe ilikuwa na mwisho siku zake za mwanzo, ukifika chini ya ukurasa unabonyeza namba 2 usubiri ufunguke, na ule muda wa kusubiri unatazama huku na huku. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu, akabuni ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, unaskroli na vitu vinaendelea kuja vyenyewe, na baadae akasema hadharani kwamba anajutia. Mwaka 2007 ikaja iPhone, mwaka uliofuata simu za kwanza za Android, mwaka 2009 Apple wakafungulia programu za watu wengine milango ya kutuma notifikesheni, na hapo mambo yakakamilika, maana hata yule aliyefanikiwa kuinua kichwa anaitwa arudi. Waliojenga hivi vitu walikuwa wanawaza namna ya kukubakisha ndani ya programu, yule wa pembeni yako hakuna aliyekaa kwenye kikao akamfikiria.

Watu wanaposema simu ni ulevi huwa nakubali nusu. Mtazame mtu anayesubiri, bila kumkodolea. Katoa simu, kafungua, kaangalia meseji, hamna mpya. Katelezesha kulia, kushoto, kafungua hali ya hewa, ile ile aliyoiona asubuhi, kafunga. Kaingia kwenye picha, kashuka, kapanda, katoka. Karudi kwenye meseji. Huyo halewi chochote, huyo hana anachokifanya kabisa, anajifanya ana shughuli ili asionekane amekaa tu. Kukaa tu mbele za watu siku hizi kumekuwa kama kosa, mtu aliyekaa anatazama watu bila simu mkononi anatushtua kidogo, tunajiuliza huyu vipi.

Na hapo ndo penye mtego, kwa maoni yangu mkubwa kuliko wa notifikesheni zote. Chukua watu watano wanasubiri. Wa kwanza katoa simu kwa sababu kweli ana meseji ya kujibu. Wa pili kamwona, kajisikia wa ajabu kubaki anatazama ukuta, katoa ya kwake. Wa tatu kaona wenzake wawili wako bize, kajisemea hawataki usumbufu. Wa nne na wa tano wamefika wamekuta vichwa vitatu vimeinama, imekuwa ndo sheria ya pale. Sasa ukiwavuta pembeni mmoja mmoja ukawauliza, si ajabu zaidi ya nusu wakakwambia hawakuwa na neno kama mtu angeanza, ila waliona wengine hawataki. Kila mtu anawasoma wenzake vibaya kwa ushahidi ambao na yeye mwenyewe anauongeza.

Sio maneno yangu peke yangu. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya na abiria wa treni na mabasi huko Chicago, wengine waliombwa waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, wengine waendelee na kawaida yao. Walioongea ndo walioifurahia safari zaidi. Halafu walipouliza watu wengine wabashiri nani atafurahi, wakabashiri kinyume chake, kwamba kukaa peke yako ndo raha. Yaani tunakosea kuhusu wenzetu na tunakosea kuhusu sisi wenyewe, na mfukoni tuna kifaa kinachoturuhusu tusiwahi kugundua kwamba tunakosea.

Kuna mtu mmoja alikuwa anatuvusha hapo zamani, mtoto. Mtoto wa miaka miwili hajui sheria za macho, anamkodolea mtu baki anavyotaka, anamchekea, anamvuta mkoba, anatupa kiatu, na mkubwa aliyekwenda kukiokota tayari ameshaanza kuongea na mama yake, "ana miaka mingapi huyu?" Mazungumzo mangapi ya wakubwa yameanzishwa na mtoto msumbufu. Sasa mtoto akianza tu kusumbua anapewa simu aangalie katuni. Simlaumu mzazi hata kidogo, kachoka, na watu wanamtazama kama mhalifu mtoto akilia. Ila kwenye kile chumba tumemzima yule mmoja ambaye alikuwa bado anatutazama.

Na wale wanaoweka katuni, au video zao wenyewe, sauti juu bila hedifoni, hao sijui niwaweke fungu gani, kwa sababu wanafanya mambo mawili kwa mpigo, wanatukwepa na wanatujaza kelele. Anayeongea na simu naye ni hivyo hivyo, kuna sababu ya kisayansi kwa nini anakera kuliko watu wawili wanaoongea pembeni yako. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake walionyesha kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo kunavuruga akili kuliko kusikia pande zote mbili, maana ubongo unahangaika kujaza usichokisikia. "Eeh... sasa yeye kasemaje?... haiwezekani!" na wewe umebaki unateseka, kasemaje?

Nisiwe wa upande mmoja. Kuna watu simu imewapa nafasi kwenye maeneo ya umma ambayo hawakuwa nayo. Mwanamke aliyekaa peke yake anatoa simu, na kile kitendo tu kinasema niache, kinamwepusha na yule jamaa ambaye "stori" yake wote tunaijua inaelekea wapi. Tukisifia watu baki kuongeleshana tusisahau kwamba kwa wengine kuongeleshwa ndo ilikuwa kero yenyewe, na hawakuwa na pa kujificha. Kiziwi leo anasimama kituoni anaongea kwa lugha ya alama kwa video na mtu wa mbali, jambo ambalo simu ya sauti haikuwahi kumpa. Mgeni anaonyesha sentensi iliyotafsiriwa na anaelekezwa njia. Na mtu aliyepata taarifa mbaya muda huu huu ana haki ya kukaa pale kimwili tu.

Tena wapo waliotafuta ushahidi wakakuta simu inasingiziwa. Keith Hampton na wenzake walichukua filamu za zamani za maeneo ya wazi ya New York, Boston na Philadelphia, zilizorekodiwa enzi za kina William Whyte, mtafiti aliyekuwa anarekodi watu wanavyokaa kwenye maeneo ya wazi, wakaenda kurekodi pale pale kati ya 2008 na 2010, wakakuta wanaotumia simu ni wachache kuliko watu wanavyodhani na wengi wao walikuwa wako peke yao, waliokuja kwa makundi hawakuwa kwenye simu kivile. Watafiti wengine baadae wakazipitisha filamu hizo hizo kwenye kompyuta, wakakuta watu wa 2010 wanatembea haraka kwa asilimia 15 kuliko wale wa mwaka 1980 hivi, na wanaosimama simama kukaa kaa wamepungua. Mwaka 2010 simu janja zilikuwa bado za wachache. Kwa hiyo haraka ilitangulia, benchi lilishaanza kukimbiwa, simu imekuja kummalizia yule mmoja aliyekuwa bado amekaa. Hilo nalikubali lote. Ila mbona linanipa hofu zaidi, sio nafuu, maana inamaanisha hata tukizima simu zote kesho asubuhi ile haraka bado ipo.

Kuna wanaosema watu baki hawajapotea wamehamia mtandaoni, na kwenye hesabu za faida wana hoja. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wengi wanasikia habari za kazi kutoka kwa watu wanaojuana nao juu juu kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu rafiki yako anajua yale yale unayoyajua, na mwaka 2022 ukatoka utafiti uliofanywa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, kwa watu milioni 20 ukakuta mahusiano ya juu juu bado yanafanya kazi hiyo kwenye skrini. Sawa. Lakini mtu baki wa mtandaoni amechaguliwa. Ameletwa mbele yako kwa sababu mnapenda timu moja, mnachukia mtu mmoja, au mko fani moja. Wa kwenye benchi hakuna aliyemchagua, amekaa pale kwa sababu nafasi ilikuwa wazi, anaweza kuwa mzee wa miaka 70 mwenye siasa ambazo mtandaoni ungemblok ndani ya sekunde, na mkaongea magoti na mvua vizuri tu bila hata kufika kwenye siasa. Huyo hapatikani kwingine. Mtandaoni nakutana na maoni ya watu bila magoti yao.

Serikali zimejaribu, ila zinashika kwingine. Honolulu kule Hawaii walianza mwaka 2017 kuwatoza faini wanaovuka barabara macho kwenye skrini, mji wa Yamato kule Japani ukapiga marufuku mwaka 2020 kutembea huku unatumia simu bila hata kuweka adhabu, Ufaransa mwaka 2018 ikazitoa simu kwa wanafunzi mpaka miaka 15 hivi. Zote hizo zinahusu ajali na masomo. Hakuna sheria itakayokulazimisha umtazame mtu usoni, na ingekuwepo ningeikimbia wa kwanza.

Kitu pekee nilichokiona kinarudisha benchi la zamani ni mtandao ukikata. Dirishani wanatangaza mfumo uko chini, na bando nalo halifanyi kitu, dakika mbili za kwanza watu wanainua simu juu kutafuta mawimbi, ya tatu mmoja anasema kwa sauti isiyomlenga mtu "sasa tutakaa hapa mpaka saa ngapi?" na anajibiwa na watatu kwa pamoja. Kisha wanaanza kulinganisha, mimi nimefika saa mbili, wewe? Haijachukua hata muda, ule uwezo upo pale pale haujaozea popote. Hapo ndo naona wale wanaosema kizazi hiki hakijui kuongea wanaongeza chumvi, kinajua vizuri, kinakosa sababu ya kuanza inayoonekana na wote kwa wakati mmoja.

Na ndo maana kinachonisumbua kwa sasa sio simu tena, ni vinavyofuata baada yake. Simu angalau ina shingo, ukiona mtu kainama unajua hayupo. Mwaka 2016 zikaja AirPods, hedifoni ndogo za Apple zisizo na waya, mwaka 2019 zikaja zenye uwezo wa kuruhusu sauti za nje zipite, kwa hiyo mtu ana vitu masikioni na hujui kama anakusikia au hakusikii, wakati zamani hedifoni ilimaanisha kitu kimoja tu. Mwaka 2025 Meta, wenye Facebook, wakatoa miwani ya Ray-Ban yenye skrini ndogo ndani ya kioo, mtu kakaa wima, kichwa juu, macho yamekuelekea wewe, na anasoma meseji. Lile jicho la Goffman hapo halina kazi tena, kwa sababu hata ukilipata huna uhakika kama lilikuwa lako. Mtu wa aina hiyo ukimsalimia akachelewa kujibu hutajua kama hajasikia, kama amekudharau, au alikuwa anamalizia sentensi ya mtu mwingine, na nawafahamu watu, wengi wataona bora wasisalimie kuliko kubahatisha.